Faini ya Mama Lusungu

"Kwani hamuwezi kunipimia?" Tusajigwe aliuliza.

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Ukutani palikuwa na matangi madogo ya chuma yanayong'aa, kila tangi na koki yake, na mezani zimepangwa chupa tupu zinazosubiri kujazwa. Mtu yeyote anayenunua mafuta ya kula Kimara angeuliza vivyo hivyo. Dukani kwa Mangi unakwenda na chupa yako, unapimiwa ya kutosha mboga ya leo, unarudi nyumbani. Na hawa wa duka la zeituni walikuwa wakifanya hayo hayo, kufungua koki na kujaza chupa, ila wao walikuwa na kiyoyozi.

Msichana wa kaunta alicheka kwa pua. "Tukupimie kwenye nini, mama?"

"Kwenye chupa ya mtu mwenyewe. Si ingekuwa nafuu?"

"Jamani, mkwe!" Jovina alimshika bega huku akiwatazama wateja wengine kana kwamba anawaomba radhi. "Huku hawapimi. Huku unaonja, unachagua, wanakufungia."

Jovina alikuwa mke wa Leodegar, watu wa Bukoba wenye nyumba ya ghorofa Kawe. Mtoto wao Allen alikuwa amemchumbia Lusungu, binti pekee wa Tusajigwe na Gibson wa Kimara. Jumamosi ya wiki hiyo ukoo wa Leodegar ulitarajiwa Kimara kumalizia mahari, na harusi ingefuata mwezi uliofuata. Jovina alikuwa ameamua kwamba kila mgeni wa harusi aondoke na kachupa ka mafuta ya zeituni, na asubuhi hiyo alimpitia Tusajigwe kwa gari lake. "Twende wote, mkwe, tufahamiane," alimwambia getini. Tusajigwe anashona sare za shule barazani kwake. Aliziacha sketi bila zipu, akavaa kitenge chake cha kutokea, akapanda. Alifurahi kuitwa, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko yote.

Meneja wa duka, dada mmoja aitwaye Gladness, alikuja na sinia la vikombe vidogo vya kuonjea. Alisema amesomea kuonja mafuta, tena nje ya nchi. Tusajigwe hakujua kwamba hilo ni somo.

"Unakifunika kikombe kwa kiganja, mafuta yapate joto," Gladness alieleza. "Unanusa. Halafu unavuta pamoja na hewa, kwa sauti. Hivi."

Akavuta kwa sauti. Jovina naye akavuta kwa sauti. Wateja wawili waliokuwa karibu, wanawake wa Kawe ambao Jovina alikuwa amewasalimia kwa mabusu ya shavuni, nao wakavuta. Tusajigwe aliwatazama watu wazima wenye dhahabu shingoni wakifanya kile alichokuwa akimfinyia Lusungu utotoni kila anapokunywa uji. Akajaribu. Mafuta yalimkwama kooni, yakamwasha, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Hayo umemeza, mkwe," Jovina alisema. "Siyo kunywa. Ni kuonja."

Siki ilikuwa afadhali. Ilikuwa nyeusi, nzito, ina utamu kwa mbele na ukali kwa nyuma, na Tusajigwe aliipenda kwelikweli. "Hii kama ukwaju," alisema. Akauliza bei ya chupa ndogo kabisa, akatajiwa, akairudisha chupa mezani kwa mikono miwili. Kwa pesa ile angenunua vitambaa vya sare za darasa zima.

Jovina alitoa oda yake. Alipofika kwenye maandishi ya kubandika kwenye chupa, alisema yaandikwe "Familia ya Bwana na Bibi Leodegar inawashukuru."

"Na sie?" Tusajigwe aliuliza taratibu.

"Nyie msihangaike, mkwe. Hizi si tunalipa sisi?" Alisema kwa upole, kama anamtua mtu mzigo kichwani. Tusajigwe akatazama koki. Lusungu alikuwa amemwambia asubuhi, mama, leo usibishane na kitu. Hakubishana na kitu.

Gladness akaleta sinia lingine. Humo zilipangwa chupa ndogo za kijani, za mfano, zimejazwa na kufungwa lakini bado hazijabandikwa jina. Zilipita mkono kwa mkono. Jovina alizishika, wale wanawake wa Kawe walizishika, Tusajigwe hakuishika hata moja kwa sababu aliogopa kuvunja. Sinia liliporudi kaunta, msichana akazihesabu, akazihesabu tena, akamnong'oneza Gladness. Gladness akatazama pande zote za duka, na macho yake yakatua kwenye kitenge.

Mlinzi aliitwa Mudathir. Alimkaribia Tusajigwe akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba mkoba wako niukague kidogo."

Tusajigwe alidhani ni utaratibu wa duka, kwamba wote watakaguliwa. Akaufungua mwenyewe. Mudathir akatoa miwani, Agano Jipya, kanga ya kujifunikia, na kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo. Akafungua fundo. Ndani palikuwa na kachupa ka kijani, kamejaa mafuta, hakana maandishi.

Yalikuwa mafuta ya upako. Aliyanunua kwa Felicitas, anayeuza mafuta kwenye lango la kanisa lao, akayapeleka madhabahuni yakaombewa. Tangu Gibson apatwe na kiharusi, Tusajigwe alikuwa akimpaka mafuta hayo mguu wa kushoto kila alfajiri, na hakuwa akitoka nyumbani bila kuyachukua. Hata asubuhi ile, Jovina alipokuwa akigeuza gari, aliloweka kidole akagusa mkanda wa kiti, Mungu awafikishe salama.

"Hii umeitoa wapi, mama?" Gladness aliuliza.

"Kanisani."

Mmoja wa wale wanawake wa Kawe akacheka. "Kanisani kwenu wanagawa zeituni ya daraja la kwanza? Nami nihamie huko."

"Ni ya kwangu. Imeombewa. Nimekuja nayo kutoka nyumbani."

"Una risiti?"

Nani ana risiti ya upako? Tusajigwe aligeuka kumtafuta Jovina. Mtu mmoja tu humo ndani alijua kwamba yeye ni nani, anatoka wapi, ana mume gani, na Jumamosi nyumba yake inapokea wageni gani. Jovina alikuwa amesogea hadi kwenye rafu ya siki, anasoma maandishi ya chupa.

"Mama Allen," Gladness alimwita, "huyu mama si umekuja naye?"

Jovina aliinua macho. Aliwatazama wanawake wenzake wa Kawe kwanza, kisha Gladness. Tusajigwe hakumtazama.

"Huyu? Nimempa lifti tu."

Basi. Maneno matatu, na mtu akabaki peke yake katikati ya duka akiwa na mkoba ulio wazi. Wapo wanaosema hasira ni moto. Tusajigwe alihisi baridi, kuanzia magotini kwenda juu, na masikio yakaziba.

Gladness alikata shauri kitaalamu. Alifungua kachupa, akamimina kidogo kwenye kikombe cha kuonjea.

"Usinywe hayo!" Tusajigwe alisema. "Dada, nakuomba. Hayo si ya kunywa."

Gladness alikwisha kufunika kikombe kwa kiganja. Akanusa. Akavuta kwa sauti. Kisha akashika karatasi laini, akatema.

"Siyo yetu," alisema. "Tena hii hata zeituni siyo. Hii alizeti, imetiwa rangi." Akacheka, na duka zima likapata ruhusa ya kucheka. "Pole, mama. Wamekupiga."

Ndivyo alivyosafishwa. Hakuna aliyesema samahani tumekudhania mwizi. Walisema pole umeibiwa, wakacheka, na wakaona wamemtendea wema. Ile chupa yao iliyopotea haikupatikana. Mkoba wa Jovina haukuguswa na mtu, wala mikoba ya wale wanawake wa Kawe. Sisemi kwamba walikuwa nayo. Nasema haikuguswa.

"Umetema," Tusajigwe alimwambia Gladness.

"Abee?"

"Nimekwambia yameombewa, ukayatema mbele yangu. Hata yangekuwa maji ya bomba."

Mudathir aliinama akaokota Agano Jipya lililoanguka, akalirudisha mkobani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mama. Kazi tu." Huyo peke yake. Kachupa Tusajigwe alikaacha pale kaunta, kwa maana asingeweza tena kumpaka mumewe kitu kilichopita mdomoni mwa yule.

Nje, Jovina alimfuata akibonyeza funguo za gari. "Twende, mkwe. Yameisha hayo. Maduka ya siku hizi, unajua tena, wezi wengi."

Sasa jua linawaka na hakuna mtu wa Kawe anayesikiliza, alikuwa mkwe tena. Tusajigwe alimtazama tangu viatu hadi nywele.

"Lifti yako baki nayo," alisema, akapungia bajaji mkono. Bajaji hadi Mwenge ilikula hela ya unga wa siku mbili. Aliilipa bila kuomba kupunguziwa.

Gibson alikuwa barazani, kiti chake kimeegeshwa ukutani, fimbo magotini. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na kiharusi kilimchukulia mguu lakini kikamwachia akili yote. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho bila kumkatiza.

"Alisema hivyo? Kwamba amekupa lifti?"

"Lifti tu."

Gibson alifunga macho. Alipoyafungua, Tusajigwe aliona kwamba tayari amekwisha kupiga hesabu ya kesi na kuona watashindwa. "Mama Lusungu," alisema, "heri nusu shari kuliko shari kamili. Mtoto anampenda yule kijana. Tuliache lipite."

"Wewe ungekuwa umepekuliwa ungeacha lipite?"

"Mie nimebebwa mgongoni kwenda chooni na watoto wa majirani. Nimeacha mengi yapite."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana Tusajigwe alizidi kukasirika.

Jioni simu ya mshenga ikaja. Mzee Fransis ndiye aliyekuwa akipeleka na kurudisha maneno kati ya Kawe na Kimara, na alikwisha kupata habari kutoka kwa Jovina. Gibson aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Shikamoo mzee," Tusajigwe alianza.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia palikuwa na kutoelewana kidogo dukani. Mama Allen anasema walinzi walikosea, wakaomba radhi, ila wewe ukapandwa na jazba ukamwacha njiani."

"Mimi nimemwacha yeye?"

"Ndivyo alivyosema. Sasa funika kombe mwanaharamu apite. Jumamosi ni keshokutwa, ng'ombe wameshakubaliwa, ukumbi umelipiwa, na aliyelipa unamjua. Usiharibu."

Kila mtu humwambia mnyonge asiharibu. Aliyeharibu huachwa anywe chai yake, na watu wazima wenye busara hukimbilia kwa aliyeharibiwa, wakamshika mikono yote miwili, wakimsihi. Mzee Fransis alikuwa mtu mzuri. Watu wazuri ndio wanaotumwa kwa kazi hiyo.

Lusungu alirudi kutoka kazini giza likiingia. Ni mhasibu wa kampuni ya mizigo, msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na siku hiyo hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, viatu mkononi.

"Mama, Allen amenipigia. Ameambiwa ulikasirika kwa sababu ya bei."

"Bei!"

"Ndo alivyoambiwa. Yeye hayajui haya mengine, na mie sijamwambia."

"Kwa nini hujamwambia?"

Lusungu alisugua kisigino chake. "Kwa sababu nikimwambia atagombana na mama yake, na mama yake atasema tumeanza kumgeuza mtoto wake kabla hata sijaingia kwao. Mama, naomba. Yule labda aliropoka tu. Ukimwaga mboga Jumamosi, mie ndo nitakayekula ugali mkavu. Siyo wewe, siyo baba. Mie."

"Na ukishaingia kwao? Siku ukisingiziwa kitu, yule mama atasemaje? Atasema huyu ni mpangaji?"

"Nitajua mwenyewe cha kufanya."

"Mie ndiye niliyekuzaa na mie ndiye ninayekanwa!"

"Basi mama, nikanwe na mie!" Lusungu alisimama, sauti ikimvunjika. "Lakini niolewe. Nimemtafuta mtu huyo hadi nimempata. Usinichukulie."

Akaingia ndani. Tusajigwe alibaki na cherehani yake. Alishona zipu tatu, zote zikakaa upande, akazifumua. Hakumchukia mtoto wake. Aliona tu jinsi neno la Jovina lilivyokwisha kufanya kazi: lilikuwa limefika hadi barazani kwake, limemfanya binti yake mwenyewe amwombe ajifanye hakuwepo.

Alfajiri Gibson alinyoosha mguu kama kawaida, akangoja.

"Chupa iko wapi?"

"Niliiacha. Waliitemea. Tena wanasema ilikuwa alizeti."

Gibson alifikiri. "Alizeti nayo imeumbwa na Mungu," alisema. "Weka mkono tu." Akaweka mkono mtupu, akaomba, na katikati ya maombi akajikuta amemtaja Felicitas wa langoni na ghadhabu ya Bwana katika sentensi moja. Ya Felicitas aliyaweka pembeni. Alikuwa na chungu kimoja jikoni na kilikuwa kinachemka.

Jumamosi wageni walikuja na magari matatu. Uani palifungwa turubai, upande wa wenyeji umekaa ukitazamana na upande wa wageni. Mdogo wake Gibson alikuwa msemaji wa nyumba. Shangazi yao kutoka Tukuyu, bibi mkongwe asiyesikia vizuri, alikalishwa mbele kwa heshima. Lusungu alifichwa chumbani na binamu zake, kama desturi inavyotaka, asionekane hadi aitwe.

Mambo yalianza kwa vicheko. Wageni walikuwa wamechelewa, wakatozwa faini ya kuchelewa. Leodegar alisimama kusema kabla ya kuruhusiwa, akatozwa faini ya kusimama. Alilipa akicheka na tumbo lake lote, akisema Wanyakyusa hawa watamwacha na soksi. Kila faini ikilipwa wanawake walipiga vigelegele. Allen alikaa kimya karibu na mlango wa ua, shati jeupe, jasho usoni. Kwa siku hiyo haruhusiwi kusema neno.

Ng'ombe wa baba wakahesabiwa na kupokewa. Blanketi la bibi likakabidhiwa. Kisha Mzee Fransis akatangaza mkaja wa mama, yaani zawadi ya yule aliyebeba mimba na kufunga tumbo baada ya kuzaa. Ni haki ya mama peke yake, na hutolewa na mama wa mwanamume kwa mkono wake. Jovina alisogea na kanga mbili mpya zilizokunjwa, na bahasha juu yake. Akapiga goti vizuri kabisa, akazinyoosha.

Tusajigwe aliiacha mikono yake mapajani.

"Pokea, mama Lusungu," msemaji alimnong'oneza.

"Nina faini," alisema.

Vicheko vikaanza upya. Leodegar akachomoa pochi. "Tulijua tu! Mama naye hajabaki nyuma. Haya, taja, mama. Kosa gani, na bei gani?"

"Yangu hailipwi kwa pochi, baba Allen. Irudishe tu." Hakupandisha sauti. "Alhamisi mama Allen alinipeleka dukani. Nikapekuliwa kama mwizi. Akaulizwa kama nimekuja naye, akajibu. Faini yangu ni hiyo: aseme hapa, mbele ya watu hawa, alivyojibu kule. Akishasema, napokea."

Mzee Fransis alianza kukohoa kikohozi kisichokuwepo. Gibson alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akatazama chini, lakini hakumzuia mkewe. Jovina alikuwa bado amepiga goti na mikono yake imeanza kuchoka.

"Mkwe, si tuliyamaliza yale?"

"Tuliyamaliza na nani?"

"Nilisema..." Jovina alimtazama mumewe. "Nilisema tumekuja pamoja. Nikawaambia huyu ni mkwe wangu, mwacheni. Sasa mkwe naona amechanganya mambo, alikuwa na hofu, si unajua mtu akishikwa..."

"Sijachanganya."

"Basi labda ametunga. Sijui nimemkosea nini."

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Lusungu alitoka kabla ya kuitwa, jambo ambalo halifanyiki, na binamu zake wakabaki wamesimama kizingitini wakiwa wamejifunika midomo. Alikuwa amevaa gauni la kitenge aliloshonewa na mama yake. Tusajigwe alimwona, akadhani amekuja kumnyamazisha. Hata Mzee Fransis aliona hivyo, akatabasamu kwa nafuu.

Lusungu alipita katikati ya pande mbili, akapiga goti mbele ya Jovina, goti kwa goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako..."

"Mama yangu hatungi," Lusungu alisema. "Juzi nilimwomba ameze kwa ajili yangu, wala sikuwahi kusema kwamba ni uongo. Ameomba faini yake. Mie sitoki humu ndani kwenda popote kabla haijalipwa." Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, hakuyafuta. Alisogea akakaa mkekani, miguuni pa mama yake.

Allen alisahau kwamba haruhusiwi kusema. "Mama," aliita kutoka mlangoni, "ulisema nini?"

Jovina angeweza kuendelea kudanganya mbele ya wakwe. Mbele ya mtoto wake alishindwa. Aliteremsha kanga mapajani.

"Nilisema nimempa lifti tu."

"Amesema nini?" shangazi wa Tukuyu aliuliza kwa sauti kubwa, mkono sikioni. Hakuwa na ubaya wowote. Hakusikia.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu haikuwa kazi ya mtu mwingine. Jovina alingoja, akaona ni kweli hakuna wa kumsaidia, akarudia kwa nguvu, hadi majirani walioegemea ukutani wakasikia. "Nilisema nimempa lifti tu! Niliona aibu. Palikuwa na watu wanaonifahamu."

Leodegar alirudisha pochi mfukoni polepole. Allen alikuwa akimtazama mama yake, naye Jovina alitazama kila mahali isipokuwa mlangoni.

"Faini imelipwa," Tusajigwe alisema. Akapokea kanga kwa mikono miwili. Vigelegele vilianza upande mmoja, vikafa, vikaanzishwa tena na shangazi wa Tukuyu ambaye aliona kanga zimepokelewa na akashangaa vijana wa siku hizi wamekuwaje.

Chakula kikaletwa. Binamu mmoja alichukua jagi la maji ya moto na beseni ili awanawishe wageni, lakini Tusajigwe alimpokonya. Alianza na Jovina, kama ilivyo heshima. Akasimama mbele yake, akainama.

"Nawa, mkwe."

Jovina akanyoosha mikono yenye pete. Siku mbili Tusajigwe alikuwa ameamini kwamba neno lile likishasemwa mbele za watu, hasira itamtoka, na atalala. Aliisubiri itoke. Haikutoka. Ilikuwa palepale, nzima, na Jovina aliiona kila alipoinua macho. Akamnawisha nayo hivyo hivyo, taratibu, mkono wa kulia na wa kushoto, hadi kwenye kucha, wala hakumwaga tone nje ya beseni.